Mama Alivyoinunua Nyumba ya Baba Yake

Siku mama alipokwenda kuwaalika wajomba zangu kwenye harusi yangu, walimpa maji kwenye bilauri ya vibarua.

Alikuwa amevaa mtandio mwekundu wa sherehe, kichwani amebeba sinia la mchele na bonge la sukari guru. Kwetu Bagru, na Rajasthan yote, dada akimuoza mwanawe huenda mwenyewe kwa kaka zake kuwaomba walete mayra, yaani nguo na zawadi za mjomba. Siku ya harusi husimama mlangoni akawapokea mbele ya watu. Mjomba anaweza kuwa fukara wa kutupwa, akaja na mtandio mmoja wa pamba, na bado kila mtu ataridhika. Asipotokea kabisa, watu huelewa kwamba yule mama hana kwao.

Mama anaitwa Gulab. Kaka zake ni wawili, Girdhari aliye mkubwa wao wote, na Nemi, kitinda mimba. Babu Ramkaran alikuwa mpiga chapa wa vitambaa, kama nusu ya mji wetu, na kwa nili, na tope la kuzuia rangi, na mgongo wake mwenyewe alijenga nyumba ya ghorofa yenye ua mpana katikati, kisima, na ukumbi mrefu wa meza za kupigia chapa. Alifariki bila kuacha wosia, bibi akiwa ameshatangulia.

Matanga yalipoanuliwa, Girdhari alimwambia mama waende kwa msajili akatie sahihi hati ya kuachia haki yake. Ni kawaida. Dada wote husaini. Unapewa sari na sanduku la vitamutamu vya ladu, unaombewa heri, na jina lako linatoka kwenye nyumba uliyozaliwa. Wala mama hakukataa. Alicheka tu, akasema, “Nitasaini kaka, siku mtakayoleta mayra ya binti yangu Manju. Mkono huu upokee mtandio, huu utie sahihi.”

Yeye alitania. Girdhari akaona amewekewa bei.

Basi siku ile ya kualika, mke wa Girdhari, Sohni, alimpokea pale pale uani, hata kitanda cha kamba hakumvutia akae.

“Karibu wifi. Umekuja kupima ukuta?”

“Nimekuja na guru, wifi. Nataka kuwaona kaka zangu.”

“Anayetaka theluthi ya nyumba anataka na mtandio tena? Chagua kimoja. Tumbo la binadamu lina mwisho.”

Ndipo akamletea yale maji. Bilauri ile mama aliijua, ilikuwa na pengo ukingoni, babu alikuwa akiwanyweshea watu wa kubeba kuni. Nemi alikuwa amekaa ngazini, anatazama miguu yake. Girdhari akatoka ukumbini na mikono ya nili, dada yake akainama kumgusa miguu, naye hakumwekea mkono wa baraka kichwani. Akalichukua lile bonge la guru, akaligeuzageuza kama mtu anayekagua viazi, akaenda kumlisha ng’ombe aliyefungwa penye kisima.

“Ng’ombe huyu hajawahi kunidai kitu,” alisema.

Hata hivyo mama aliamini watakuja. “Girdhari ana mdomo,” alimwambia baba, “lakini siku yenyewe damu itamvuta.”

Siku yenyewe alisimama mlangoni toka asubuhi, sinia mkononi, na taa, na unga mwekundu wa kuwapaka kaka zake kwenye paji la uso. Mimi nilikuwa ndani nimepakwa hina mikononi na miguuni, siwezi kushika kitu, nasikia wanawake wa upande wa baba wanavyonong’ona. Mchana jua lilipogeuka, mtoto wa jirani akaja mbio: mjomba Girdhari ameonekana kwenye kibanda cha chai pale njia panda! Mama akaiwasha taa upya. Wapiga ngoma wakajiweka tayari. Watu wakatoka nje kuangalia.

Girdhari alikuwa kweli kibandani, na rafiki zake watatu. Kutoka pale mlango wetu ulikuwa unaonekana wazi. Alikunywa chai yake polepole, akaweka bilauri chini, akamtazama dada yake aliyesimama na taa mbele ya ukoo mzima wa mumewe, kisha akageuka, akarudi zake nyumbani.

Shangazi mkubwa wa baba akasema kwa sauti, “Afadhali mke yatima kuliko huyu mwenye kaka wawili.”

Mama hakulia. Aliizima taa kwa vidole, akaingia ndani, akaendelea na harusi. Wiki ile ile, mimi nikiwa nimeshakwenda kwa mume wangu, alipanda basi la Jaipur kutafuta wakili.

*

Alimpata Wakili Bhargav, mzee mwembamba mwenye meza yake chini ya bati nje ya mahakama, mtafunaji wa karafuu. Nilikuja kumjua vizuri, kwa sababu baba alikuwa fundi cherehani asiyependa kufunga duka, kwa hiyo mara nyingi mimi ndiye niliyemsindikiza mama.

“Unataka nini, mama?” wakili alimuuliza siku ya kwanza.

“Nataka watoke kwenye nyumba ile.”

“Wewe una theluthi. Mwenye theluthi hawafukuzi wenye theluthi mbili.”

“Nifundishe basi.”

Bhargav akaitoa karafuu mdomoni. “Tutadai mgawanyo. Hiyo utaipata, sheria iko wazi, binti na mwana ni sawa. Lakini kupata sehemu yako ni jambo moja, na kuwatoa ni jambo jingine. Kwa hilo la pili itabidi tusubiri wakosee.”

“Na wasipokosea?”

“Huyo kaka yako aliyekunywa chai? Atakosea.”

Kesi ikafunguliwa. Mjumbe wa mahakama alikwenda na hati ya wito, Sohni akamwambia mlangoni kwamba bwana amekwenda kuhiji Haridwar, huku bwana mwenyewe anasikika akikohoa ghorofani. Mjumbe akarudi mara ya pili, hija ikawa bado haijaisha. Mwishowe wito ukabandikwa mlangoni kwa gundi, mtaa wote ukausoma. Hapo ndipo Girdhari alipoweka wakili, na huyo wakili akawa bingwa wa kuomba tarehe. Leo anaumwa, leo shahidi yuko shambani, leo amefiwa na mama mkwe. Mama mkwe huyo alikufa mara mbili. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akamtoza faini kwa kifo cha pili.

Miaka ikaenda. Mimi nikazaa, nikazaa tena. Mama alikuwa akibeba mkate wa uwele na pilipili za siki, anakaa kwenye benchi la varandani, anakula, anangoja jina lake liitwe. Sijamwona akichoka. Wadai wengine pale walikuwa wanazeeka. Yeye nilimwona kama anakomaa.

Siku ya kutoa ushahidi wakili wao alisimama karibu naye kabisa.

“Mama Gulab, ulipoolewa baba yako alikupa nini?”

“Vyombo vya shaba, kitanda, nguo, na hereni.”

“Hukupewa na cherehani ya mumeo?”

“Nilipewa.”

“Kwa hiyo fungu lako ulishakula!”

“Kaka Girdhari naye aliolewa... samahani Mheshimiwa, alioa,” mama akasema, na watu wakacheka, naye akawaacha wamalize. “Alioa, baba akamjengea chumba cha juu, akamnunulia pikipiki, akalisha watu siku tatu. Mbona lake halikuhesabiwa?”

“Wewe unajua desturi. Dada mwema hudai kwa kaka?”

“Desturi naijua. Desturi inasema kaka alete mayra. Muulize mteja wako chai ya siku ile ilikuwa na sukari ya kutosha?”

Hakimu akamwambia ajibu maswali tu. Lakini nilimwona Girdhari, pale nyuma, masikio yamemwiva.

Hukumu ilisomwa msimu wa mvua. Baba mtu hakuacha wosia. Watoto ni watatu. Kila mmoja ana theluthi, na zawadi za harusi hazifuti urithi. Varandani Girdhari akampita mama akamrushia neno.

“Hongera. Theluthi yako utaikalia wapi sasa? Ngazini?”

“Popote utakaponionyesha, kaka.”

*

Mahakama ikamteua kamishna, mhandisi mstaafu, akaipime nyumba aone kama inagawanyika. Tulikwenda siku hiyo. Ilikuwa mara ya kwanza mama kuvuka kizingiti kile tangu bilauri ya vibarua.

Girdhari alikuwa na lake kichwani. Akili yake ilikuwa kwamba nyumba ikionekana bovu, sehemu ya dada itakuwa ya fedha kidogo, atamtupia amwondoe. Isitoshe, kwa miaka alikuwa akiwaambia watu wa kodi ya majengo kwamba ile ni magofu, ili alipe kiduchu. Kwa hiyo alimzungusha kamishna kama dalali anayeuza kinyumenyume.

“Tazama ufa huu, bwana. Mkono unaingia. Na hapa juu, usikanyage tafadhali, utaanguka uani. Kisima kimekauka. Chumba hiki? Hiki tumekiacha, tunaweka mavi ya ng’ombe ya kuwashia moto.”

Kile kilikuwa chumba cha babu, kizima kuliko vyote. Vitofali vya mavi vilikuwa vibichi, vimepangwa jana yake. Nikataka kusema. Mama akanibana kidole.

“Ni kweli bwana,” akamwambia kamishna kwa huzuni. “Nyumba ya baba imechoka sana. Kaka yangu anaijua kuliko mimi.”

Girdhari akamtazama dada yake kwa mshangao, halafu nikaona anafurahi. Alidhani amevunjika.

Kamishna akaandika kwamba nyumba yenye ua mmoja, ngazi moja na kisima kimoja haikatiki vipande vitatu bila kuharibika, na akaikadiria thamani ndogo, kwa maelezo ya mwenye nyumba mwenyewe.

Tangu siku ile mama alianza kufukarika hadharani. Alitembea masikio matupu. Hereni kaziuza, alisema, wakili kamla mifupa. Alivaa sari yenye kiraka. Alikwenda kuazima unga kwa mwanamke wa nyumba ya pili kutoka kwa Sohni, akijua unga huo utafika kwa Sohni kabla haujakandwa. Ukweli ni kwamba nyuma ya nyumba yetu alikuwa na meza nne za kupigia chapa, na maduka ya Jaipur yalikuwa yanagombania kitambaa chake cha tope, kwa kuwa alirithi jicho la babu. Lakini ukimuuliza, angetikisa kichwa: “Hasara tupu, mwanangu. Nalipa nili tu.”

Na Girdhari akakosea.

Ilikuwa tarehe ya kawaida, ukumbi una joto, feni inazunguka kwa kulalamika. Wakili wao akasimama akasema wateja wake, wote wawili, wenye theluthi mbili, wanaiomba mahakama iamuru nyumba iuzwe na fedha zigawanywe, badala ya kuhangaika kuikata. Baadaye tulisikia kwamba alimwonya Girdhari asiombe. Girdhari akamjibu, “Mke wa fundi cherehani atanunua nini? Itapigwa mnada, nitainunua mimi kwa bei ya magofu, yeye atapata nauli ya kurudia kwake.” Nemi alitia sahihi alipoonyeshwa.

Bhargav aliacha kutafuna. Akasubiri hakimu aandike ombi lile mpaka nukta ya mwisho. Kisha akasimama taratibu, kama mtu mwenye maumivu ya goti.

“Mheshimiwa, sheria ya mgawanyo inasema wenye nusu au zaidi wakiomba nyumba iuzwe, mwenzao ambaye hakuomba ana haki ya kununua sehemu za hao walioomba, kwa bei itakayokadiriwa na mahakama. Mteja wangu anaomba kununua.”

Girdhari alimvuta wakili wake koti. “Anasema nini?” Wakili akamnong’oneza. “Anunue nani? Nini?” Akanong’onezwa tena. Akasimama mwenyewe.

“Mheshimiwa, tunaondoa ombi! Hatuuzi tena!”

“Kaa chini, bwana,” hakimu akasema. “Mliomba wenyewe, na mwenzenu ameshaishika haki yake. Hamwezi kumwita mnunuzi mlangoni kisha mkamfungia.”

“Lakini hana pesa! Anaazima unga!”

Mama akageuka kidogo kwenye benchi lake. “Unga nimeshaurudisha, kaka.”

Tarehe iliyofuata ilikuwa ya kukadiria bei, na sijapata kucheka mahakamani kama siku ile. Nyumba ya magofu ilikuwa imegeuka kasri. Girdhari alileta mashahidi: kuta pana kama za ngome, kisima kitamu hakijawahi kukauka, chumba cha chini baridi wakati wa kiangazi hata maziwa hayachachi. Hakimu akasikiliza, kisha akafungua taarifa ya kamishna, akamsomea maneno yake mwenyewe, ya ufa unaoingia mkono na dari isiyokanyagika. Akamsomea na alichowaambia watu wa kodi.

“Ni nyumba moja hii, au mna mbili?”

Hakimu aliongeza kiasi kwa kuwa ardhi ilikuwa imepanda, akakataa mengine. Bei ikawa ya mtu kucheka njiani peke yake. Wakakata rufaa Mahakama Kuu, wakashindwa, na mama akapewa muda wa kuweka fedha kortini. Ukipita, haki yake imekufa.

Bei ndogo kwa nyumba si ndogo kwa fundi cherehani. Akiba ya meza nne haikufika. Mama akamwambia baba wakaweke nyumba yetu rehani benki. Huo ndio ugomvi pekee niliowasikia wakigombana kwa sauti.

“Gulab, unaweka paa letu rehani kwa sababu ya paa la baba yako?”

“Si kwa sababu ya paa.”

“Kwa sababu ya nini basi? Mtandio? Miaka yote hii, kwa mtandio mmoja?”

“Ndiyo,” mama akasema. “Kwa mtandio mmoja.”

Baba akatia sahihi. Kwa upungufu uliobaki mama alikuja kwangu, akakaa, akanywa maji. Nilivua bangili za harusi yangu nikamwekea kwenye pindo la mtandio. Sikuhitaji kuambiwa. Aliyekuwa ndani ameshindwa kushika kitu siku ile, akisikia taa inawashwa upya, ni mimi.

*

Dalali wa mahakama alifika asubuhi na polisi wawili wanawake na mpiga ngoma. Mama ndiye aliyemlipa mpiga ngoma, mahakama haikuhitaji. Alitaka mtaa wote utoke, na ukatoka.

Walitoa vitanda, masanduku, matandiko, sufuria, ng’ombe. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki upande wa pili wa njia, na alikuwa ameagiza chai. Sohni akatoka na ndoo ya majivu akaimwaga mbele ya kizingiti, ili anayeingia aingie na mkosi. Mama akamwambia, “Wifi, afadhali ufagie. Hilo jivu ni la kwangu pia.” Girdhari akaja na bisibisi kuung’oa mlango mkubwa wa mbao. Dalali akamzuia: mlango ni sehemu ya nyumba.

“Mlango huu niliununua mimi!”

“Ungemwambia kamishna,” mama akasema. “Ulimwambia umeliwa na mchwa.”

Watu waliangua kicheko. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa hamu kama yeye, na ilikuwa tamu, sitasema uongo. Kila sufuria iliyopita niliihesabia neno moja walilomwambia mama yangu.

Nemi alivuka njia. Nywele zilikuwa zimemtoka, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. “Dada, mimi nilitaka kuja siku ile. Kaka alinikataza. Nina mabinti wawili, dada. Niachie hata ule ukumbi, nitakulipa kodi.”

“Siku ile ulikuwa unatazama miguu yako, Nemi. Endelea kuitazama, ikupeleke.”

Nilidhani atalegea kwa Nemi. Hakulegea.

Girdhari alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mbele ya kile kiti cha plastiki. Kwetu mwanamke akifa, nguo ya mwisho ya kumfunika huletwa na watu wa kwao, na hakuna asiyelijua hilo.

“Umeshinda,” alisema. “Sasa nani atakuletea sanda, Gulab? Siku utakayolala chini, nani atakuja kutoka kwenu?”

“Nitanunua,” mama akajibu. “Vya baba yangu nimezoea kuvinunua.”

Akasimama, akamrudishia mtu wa chai bilauri yake, akavuka njia, akaingia.

*

Tulihamishia meza ukumbini. Chumba cha babu tulikiosha mara nyingi mpaka harufu ya mavi ikatoka. Deni la benki lililipika, nyumba yetu ikakombolewa, na mimi nikahamia na mume wangu na watoto vyumba vya juu, kwa sababu kazi ilizidi. Wajomba walipanga karibu na barabara kuu, nyumba ya bati. Fedha zao walipewa zote na mahakama, kwa bei ile ile waliyoipika wenyewe. Hazikutosha kununua hata nusu ya nyumba waliyotoka. Siku ya dada kuwafunga kaka zao uzi mkononi ilipofika kila mwaka, mama alishinda kazini.

Miaka minne baadaye Girdhari aliugua mapafu. Nemi akaja, akabisha hodi, hakuingia.

“Dada, daktari amesema ni siku tu. Ana ombi moja. Akifa, mwili uoshwe hapa uani, utolewe kwa mlango wa baba. Kisha basi.”

“Amesema yeye mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Mwambie nimesikia.”

“Nimwambie ndiyo?”

“Mwambie nimesikia.”

Usiku wa habari ya kifo nilimfuata. “Mama, ni maiti sasa. Maiti haina kiburi.”

“Maiti haikuomba. Aliyeomba alikuwa hai, na alikuwa na ulimi wa kuniomba msamaha kabla ya kuomba ua. Hakuutumia.”

“Watu watasemaje?”

“Walichosema nikiwa nimesimama na taa.”

Walimwoshea kule kwenye bati. Lakini njia ya kwenda mahali pa kuchomea hupita kwetu, na asubuhi tulisikia sauti za wanaume zikilitaja jina la Ram la kumsindikiza maiti, zikikaribia. Mafundi wakaacha kazi, wakavua viatu. Sauti zikafika mlangoni, zikasimama. Wanawe walikuwa wameliweka jeneza la mianzi chini, mbele ya kizingiti, kama wachukuzi wanavyopumzika njiani. Hakuna aliyebisha. Walingoja tu.

Nilikwenda nikashika komeo. Nyuma yangu mama alikuwa mezani, anapiga chapa. Tok, anachovya, tok, mstari baada ya mstari.

“Mama,” nikasema.

“Manju, tope linakauka. Njoo ushike pindo.”

Nilisimama pale na baridi ya chuma kiganjani. Upande wa pili wa mbao nilimsikia Nemi akilia. Kisha mtu akasema, haya, jua linapanda, na wakajitwika, na jina la Ram likaondoka kuelekea mtoni.

Nilikwenda kushika pindo. Kitambaa kile nilikitazama baadaye, kikiwa juani, nikitafuta mahali mkono wake ulipoyumba. Hakuna ua hata moja lililokaa upande. Mama aliomba chai, akanywa yote, akaniuliza kama watoto wamekula.

Nilipofungua mlango kulikuwa na bisi na petali za maua ya manjano kwenye kizingiti, zilizodondoka kutoka kwenye jeneza. Nilichukua ufagio, nikaurudisha, nikaziacha pale mpaka upepo wa jioni ulipozichukua wenyewe. Mama aliniona, akarudi mezani.